Kwenda Pemba na Kurudi Siku Hiyo Hiyo

Jumatatu, 8 Januari 1996

Jeremy amerudi nyumbani akinuka kitu nisichokijua. Si petroli wala grisi. Hizo nimeishi nazo tangu tuoane. Hii ni kali, ina utamu mbaya, na imeshika kwenye nywele. Anasema ni resini, ile gundi ya faibaglasi. Amepata kazi Gatina, mtaa wa Kawangware, kwa mwanamke mmoja Mkamba anayetengeneza matangi ya maji ya faibaglasi.

"Sasa ameunda boti," akasema. "Anatafuta mtu wa injini."

"Boti? Kawangware?"

"Kawangware hapo."

Akacheka peke yake, akala, akalala. Hakutaja jina la mwanamke. Kazi yangu ni kuuliza watu maswali na kuandika majibu gazetini, kwa hiyo huwa naona jina linapoachwa nje. Sijui kama ameliacha kwa kusahau. Nimefungua daftari hili kwa sababu ya jambo hilo moja.

Jumatano, 10 Januari

Jua. Mabomba ya Karanja, hapa Kibera, hayakutoa maji. Resini tena.

Jumamosi, 13 Januari

Nimekwenda Gatina kuona mwenyewe. Karakana iko nyuma ya kanisa la mabati, kati ya nyumba mbili za ghorofa, na boti imejaza uwanja wote kiasi kwamba wapangaji wanatembea ubavuni mwake kwenda chooni. Ina urefu wa futi kumi na tisa. Nyeupe, haina paa, na ubavu wake uko chini: nikisimama ndani ukingo unanifika magotini.

Mwanamke anaitwa Kalekye. Umri wake ni kama wangu, labda chini kidogo. Mrefu, mikono ina makovu ya kemikali, kicheko chake kinatokea puani. Si mrembo. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nililitazama hilo kabla ya kuitazama boti.

Mpango wao ni huu. Kuna mwenye hoteli kusini mwa Mombasa anayetaka boti za kupeleka wageni wake kupiga mbizi. Alimwambia Kalekye: boti yako ivuke bahari kutoka Shimoni mpaka Pemba na kurudi, na walioitengeneza wawe ndani. Ikirudi, nitachukua hii na nyingine tano. Walioitengeneza ni wawili: Kalekye aliyeunda mwili na Jeremy atakayefunga injini.

"Mama Akoth, karibu," Kalekye akaniambia, kwa jina la binti yetu aliye shule ya bweni. "Huyu mzee wako ni fundi. Nilikuwa nimezunguka Nairobi mzima, kila mtu ananiambia, mama, hapa tunatengeneza ya gari."

"Alikulia Mbita," nikasema. "Injini za ziwa anazijua."

"Ameniambia. Ameniambia mpaka samaki wa babu yake."

Samaki wa babu yake mimi sijawahi kuambiwa.

Jumatano, 17 Januari

Nimemweleza Khaemba, mhariri wangu, juu ya boti. Alitaka habari mara moja. Je, ni salama kuvuka bahari wazi kwa chombo kidogo namna hiyo? Watu wangapi hufanya hivyo? Nani hukagua? Nikamwambia mume wangu yumo ndani ya hii habari.

"Vizuri," akasema. "Utamhoji bila nauli."

Nikamwambia tafadhali ampe mtu mwingine.

"Adhis, wewe uliandika moto wa soko na nyumba yako ilikuwa hatua ishirini kutoka hapo. Hukuweka machozi hata kwenye koma. Endelea."

Jumanne, 23 Januari

Nimepiga simu Shimoni, kwenye kambi ya wavuvi wa kitalii, nikampata nahodha anayeitwa Kombo Shaame. Ni mtu wa Pemba. Anavuka mlango wa bahari wa Pemba mara nyingi. Alikuwa na saumu na sauti yake ilikuwa kavu, lakini alijibu yote.

Naandika alivyosema, kwa sababu ni kazi yangu na kwa sababu kuna mtu wangu ndani.

Kwanza, injini moja haitoshi. "Injini ikizima katikati, wewe si nahodha tena, wewe ni takataka inayoelea." Iwepo ya pili, hata ndogo. Mafuta: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya balaa. Mkondo wa pale unakwenda kaskazini mwaka mzima, na anayeelekeza pua ya boti kisiwani hatakiona kisiwa. Alenge kusini yake.

"Na maji yakiingia botini, yanatokea wapi?" akaniuliza.

"Sijui."

"Ulizia hilo kwanza, dada yangu."

Ijumaa, 26 Januari

Jeremy kuhusu mkondo: "Ziwani ukilenga Rusinga unafika Rusinga."

Nikamwambia hii si ziwa.

"Umeona bahari mara ngapi wewe?"

Mara tatu. Yeye hajaiona hata mara moja. Kalekye pia hajaiona. Watu wawili ambao hawajawahi kuonja maji ya chumvi wanapanga kuyavuka pamoja, na jioni wanakaa juu ya boti iliyoko kwenye vumbi, Kalekye ameshika usukani na Jeremy amekaa nyuma kwenye injini. Nimewakuta hivyo leo. Hawakuwa wakifanya chochote. Walikuwa wamekaa tu, wakitazama ukuta wa nyumba ya ghorofa kana kwamba kuna kitu pale.

Jumapili, 28 Januari

Jeremy hakuja kanisani. Resini inakauka vizuri asubuhi, anasema.

Jumamosi, 3 Februari

Leo boti imejaribiwa. Nilidhani wataipeleka bwawani. Kumbe Kalekye amefanya anavyofanya na matangi yake yote: aliijaza maji mpaka ukingoni tangu Alhamisi, akaweka alama ya chaki, na leo watu wamekuja kutazama kama maji yameshuka. Gatina nzima haina maji wiki ya tatu na katikati yake kuna boti iliyojaa. Sijui aliyapata wapi. Nadhani kwa wenye mikokoteni.

Maji hayakushuka. Watu walipiga makofi. Mtu mmoja akapiga kelele, "Kalekye, hii haivuji hata jasho!" Jeremy alimpa Kalekye mkono, kisha akaushika kwa mkono wa pili pia. Nikahesabu muda walioshikana. Nimeacha kuandika idadi.

Nikauliza swali la Kombo.

"Kalekye, wimbi likiingia ndani, maji yatatokea wapi?"

"Hayatoki."

"Hayatoki?"

"Mama Akoth, hiyo ndiyo kazi yangu. Maji yakiingia kwangu hayatoki. Nimefanya hivyo tangu nitoke Kitui."

Watu wakacheka. Jeremy naye akacheka. Mimi nikasema polepole, ili kila mtu asikie, kwamba tangi hutengenezwa ili maji yasitoke, lakini boti inayojaa na isiyotoa ni beseni, na beseni lenye injini nyuma hulala nyuma kwanza.

"Ziwani tunachota na mkebe," Jeremy akasema.

"Ziwani mko watu sita, na mmoja kazi yake ni mkebe. Huku mko wawili."

Kalekye alinitazama kwa muda. Hakukasirika. Alikuwa ananipima, jinsi mtu anavyopima karatasi ya faibaglasi kabla ya kuikata. Kisha akawaambia wanawake waliokuwepo walete mitungi wachote maji yao kabla hayajamwagwa. Walipanga foleni kuzunguka boti mpaka giza.

Nilikuwa sahihi juu ya maji. Nilikuwa nimefurahi pia, na furaha yenyewe haikuwa juu ya maji.

Jumatatu, 5 Februari

Jeremy hajaongea nami jana wala leo. Maharagwe yaliungua.

Jumamosi, 10 Februari

Jentrix, jirani anayeuza chapati mlangoni pake, alinisubiri kwa hamu.

"Mama Akoth, sasa?"

"Poa."

"Nimemuona mzee wako sokoni Toi. Alikuwa anavalisha mwanamke nguo."

"Nguo gani?"

"Si nguo nguo. Hizi za rangi ya machungwa, za kuogelea. Kwa mitumba. Akamfunga hapa chini ya kidevu, akamfunga hapa kiunoni, akavuta hivi, hivi. Mwanamke anacheka. Mimi nikasema, woi, hata mimi nikitumbukia mtaroni nitamuita Baba Akoth anifunge."

Nilinunua chapati mbili. Nilimshukuru.

Jeremy alikuja na jaketi mbili za kuelea kwenye mfuko wa karatasi. Anasema zilitoka kwenye belo la mitumba ya Ulaya, na mwenye kibanda hakujua ni za nini. Alikuwa akiziuza kama za kuvaa wakati wa baridi. Alizitundika kwenye msumari juu ya kitanda chetu. Nikalala chini ya jaketi ya Kalekye.

Jumapili, 11 Februari

Jeremy alipotoka niliichukua ile jaketi ndogo nikaipeleka kwenye pipa la maji la plotini. Nilifunga pasi ya makaa kwenye mikanda, pasi tupu isiyo na makaa, nikaitumbukiza. Ilizama. Haikuzama haraka, ilisita kidogo kama mtu anayefikiri, kisha ikaenda chini na pasi. Nikafanya na ile kubwa. Ikazama pia. Sponji ya ndani imeoza ikawa unga. Kwenye lebo ya ile ndogo kuna picha ya mtoto na maandishi ya kilo thelathini.

Majirani walikuwa wamesimama. Jentrix akauliza, "Unafua au unaua?"

Niliziweka mezani zikitiririka maji. Jeremy aliporudi nilimwonyesha, nikafanya tena mbele yake. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Adhis, unaogopa maji ama unaogopa Kalekye?"

"Vyote viwili."

"Kipi zaidi?"

Naandika jibu hapa kwa kuwa hapa hakuna anayeuliza. Nikifumba macho sioni boti ikizama. Naona imefika. Naona wamevuta boti mchangani, wamelowa, wanacheka kwa sababu hawajafa, hakuna mtu anayewajua kisiwa kizima, na jua linakwenda kutua. Naogopa wasifike. Wakifika, naogopa zaidi.

Jumatano, 14 Februari

Aliniletea ndizi mbivu. Akasema, bila kuulizwa: "Tutakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tunatoka Shimoni alfajiri, tunagusa Pemba, tunageuka. Jioni niko Shimoni. Hakuna kulala huko. Sawa?"

Nikasema sawa.

Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Januari.

Jumapili, 18 Februari

Joto. Mtu wa maji amepandisha bei tena. Jaketi mpya zimepatikana, za kweli, kwa baharia mstaafu wa South B. Niliziingiza pipani na pasi. Zilielea.

Jumamosi, 24 Februari

Kalekye alikuja nyumbani Kibera. Peke yake, na pakiti mbili za maziwa, kama mtu anayetembelea mgonjwa. Nikampikia chai.

"Nimetoboa," akasema.

"Umetoboa nini?"

"Boti. Nyuma, matundu mawili makubwa, na nimeinua sakafu iwe juu ya maji ya nje. Sasa maji yakiingia yanateremka yanatoka. Nimeweka sponji mpya chini ya sakafu, imefungwa kabisa. Hata ikijaa haizami." Alikunywa chai. "Maisha yangu yote naziba. Nikasema huyu mama amenifanya nitoboe kitu changu."

"Na injini ya pili?"

"Binamu ya mzee wako ametuma ya ziwa, ndogo. Ilikuja na basi la usiku, imefungwa na gunia kama mbuzi."

Tukacheka wote wawili. Nilijishtukia nikicheka.

Kisha akaweka kikombe chini. "Mama Akoth, mimi si mtoto. Unaniangalia vibaya tangu ile siku ya kwanza."

"Ndiyo."

"Si juu ya boti."

"Juu ya boti pia."

"Aya. Mimi nilikuwa na mume. Alienda na mwanamke wa Emali, sasa ana watoto huko. Nilikuwa nakaa hivyo kama wewe, nanusa mashati." Alisimama, akafunga leso. "Siwezi kukuambia amini. Hata mimi ningeambiwa nisingeamini. Lakini hiyo boti nimeiwekea vitu vyangu vyote. Nikitaka mwanaume ningetafuta njia rahisi kuliko kuvuka bahari."

Nilimsindikiza mpaka barabara ya Ngong. Namheshimu. Hilo halijapunguza chochote. Ningekuwa na nafuu kama angekuwa mjinga.

Alhamisi, 29 Februari

Makala inakaribia. Khaemba anaitaka Jumapili ya tarehe kumi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimempigia tena Kombo kumalizia. Nilimweleza yaliyotengenezwa: matundu, injini mbili, jaketi, dira, fataki za ishara, mafuta mara tatu. Aliridhika. Alisema wachague tarehe kumi na mbili, mwezi utakuwa umefika robo, maji mafu, mkondo umelegea. Watamwambia saa ya kutoka, na wasipoonekana kwa muda waliosema, yeye ndiye atakayepiga kelele.

Kisha akauliza, "Watalala wapi Pemba?"

"Hawatalala. Wanarudi siku ile ile."

"Nani kapanga hivyo?"

"Wao."

"Dada yangu, asubuhi bahari ile ni ya kila mtu. Adhuhuri ikipita, kaskazi inaamka. Upepo unateremka kusini, mkondo unapanda kaskazini, vinakutana pale kati, na wimbi linasimama wima kama ukuta. Boti ya futi kumi na tisa, watu wamechoka tangu alfajiri, jua la jioni. Wengi niliowatafuta baharini walikuwa wanarudi siku ile ile. Walale. Wavuke alfajiri ya pili."

Nikaandika yote. Nikamshukuru.

Nilitembea kutoka mjini mpaka Kibera. Sikutaka kukaa karibu na mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Makala nimeimaliza. Sentensi ya mwisho ya aya ya sita inasema: anayevuka kwa chombo kidogo asirudi siku hiyo hiyo, bali alale na kuvuka alfajiri. Khaemba ameisoma akasema hiyo ndiyo sentensi yenye uhai wa mtu ndani yake. Ameipigia mstari.

Nyumbani sijaisema. Leo jioni Jeremy alikuwa akifunga vitu vyake. Aliuliza, "Kombo alisema nini la mwisho?"

"Tarehe kumi na mbili. Maji mafu."

"Hakuna lingine?"

"Mwambieni saa ya kutoka."

Huo ni ukweli, na umekatwa. Najua kukata.

Jumamosi, 9 Machi

Lori limeondoka Gatina na boti mgongoni. Watoto walilikimbilia mpaka lami. Kalekye alikaa mbele na dereva, Jeremy nyuma ndani ya boti yenyewe, akinipungia mkono kutoka juu kama mgombea ubunge. Waumini wa lile kanisa la mabati waliomba. Mimi nilisimama nao, midomo imefungwa.

Ningeweza kusema pale. Lori lilikaa robo saa likingojea dereva amalize chai.

Jumapili, 10 Machi

Makala imetoka, ukurasa wa saba. Nchi nzima inaweza kusoma kwamba walale Pemba. Gazeti letu halifiki Shimoni kabla ya Jumatano.

Jumatatu, 11 Machi

Kombo alipiga simu ofisini kabla ya chakula cha mchana.

"Mumeo yuko hapa. Mtu mwema, kichwa jiwe. Nimemwambia alale Pemba, anasema haiwezekani, amemwahidi mkewe. Yule mama Mkamba naye anasema hivyo hivyo, kwamba hakuna kulala. Mimi sijui mambo yenu. Ila jioni nitamleta kwenye simu, umwambie mwenyewe. Atakusikia wewe."

"Mlete," nikasema.

Nilikaa karibu na simu alasiri yote. Niliandika habari ya mtaro wa maji machafu. Wachapaji waliondoka. Khaemba alivaa koti, akaniuliza kama nafunga mimi, nikasema ndiyo. Baada ya hapo ofisi ilikuwa tupu na simu ilikuwa mezani, nyeusi, mbele yangu.

Nilifunga nikaenda nyumbani.

Nyumbani hatuna simu. Ninaandika haya nikiwa nimekaa kitandani. Kwa sasa, mwanamume mmoja huko Shimoni ameshika simu inayolia huku Nairobi katika ofisi isiyo na mtu, na anajiambia kwamba mkewe amekasirika, na kwamba kweli ni lazima arudi kesho hiyo hiyo. Nimemfunga kwa ahadi aliyonipa kwa hiari. Sina neno zuri la kuweka hapa. Kama wimbi litasimama kesho alasiri, nimelisimamisha mimi.

Jumanne, 12 Machi

Nilikuwa ofisini kabla ya mfagiaji. Nilipiga Shimoni: wametoka alfajiri, bahari imelala, Kombo ameandika saa. Pemba wakifika watapiga simu kutoka posta ya Wete. Basi.

Sikufanya kazi. Nilichora ramani ya mlango ule nyuma ya karatasi, nikaifuta, nikaichora. Khaemba alipita mara mbili, kisha akaniwekea chai.

Simu ya nje ya nchi ina mlio wake, mkwaruzo kwanza.

"Adhis! Tumefika!"

Sauti yake ilikuwa ya kijana wa Mbita niliyemjua kabla hajawa mume wa mtu. Alikuwa akipiga kelele kana kwamba waya haupo. Alisema walilenga kusini ya kisiwa kama walivyoambiwa, na kisiwa kikaja chenyewe kutoka upande. Alisema maji yaliingia mara moja, mengi, yakatoka kwa matundu, "kwa matundu yako, Adhis, yote!" Alisema Kalekye ametapika njia nzima na hajaachia usukani.

Kisha akasema, "Sasa sikiza. Tunaweka mafuta, tunageuka. Bahari iko sawa, haina kitu. Jioni niko Shimoni kama nilivyosema. Jana nilikupigia ukawa umeenda. Najua umekasirika. Narudi."

"Upepo?"

"Umeanza kidogo tu."

"Unatoka wapi?"

"Kaskazini. Ni kidogo."

Nikasikia sauti ya Kalekye nyuma yake, kisha ikawa karibu. Alikuwa amechukua mkono wa simu.

"Mama Akoth, mimi niko tayari. Nimetapika yote, sina kingine cha kutapika. Tunarudi leo. Sitaki maneno."

Hapo ndipo nilipoelewa hali yao yote. Watu wazima wawili, wamechoka, wamelowa chumvi, wameona bahari kwa mara ya kwanza juzi, wanakwenda kuingia tena ndani yake wakati mbaya kuliko nyakati zote, ili mwanamke mmoja huku Nairobi asiwe na mashaka. Hawakuwa wapumbavu. Walikuwa wananihurumia.

"Nipe Jeremy."

"Niko hapa."

"Msirudi leo. Laleni huko. Vukeni kesho alfajiri."

"Adhis, una uhakika?"

"Upepo unapigana na mkondo alasiri. Kombo aliniambia wiki iliyopita. Nilijua. Sikukuambia."

"Wiki iliyopita?"

"Jeremy, laleni."

"Lakini wewe—"

"Mimi niko sawa," nikasema, na huo ndio uongo pekee niliousema katika simu hiyo. "Tafuteni mahali pazuri. Kalekye ale kitu chepesi. Umwambie ni mimi nimesema."

Aliniuliza kama ninalia. Sikuwa ninalia. Nikaweka simu chini nikamaliza chai ya Khaemba, ilikuwa imepoa.

Jumatano, 13 Machi

Sikulala. Nitaandika tu kwamba usiku una sehemu nyingi, na niliwaona katika kila sehemu yake, mahali tofauti, kila mara na taa tofauti.

Kombo alipiga simu asubuhi. Wameingia Shimoni salama, wote wawili. Mtu wa hoteli alikuwa ufukweni. Ameikubali.

Nikauliza juu ya jana alasiri.

"Upepo ulikuja," Kombo akasema. "Si mwingi. Wangeweza kupita. Wangeweza wasipite. Hayo ndiyo majibu yote niliyo nayo, dada yangu."

Nilitaka aseme ulikuwa dhoruba. Ningependa sana angesema hivyo.

Ijumaa, 15 Machi

Jeremy amerudi, uso umeungua pua ikichubuka. Gatina walimbeba Kalekye begani kutoka stejini mpaka karakana. Jeremy alikuja nyumbani kwa miguu. Jentrix alimwita jina la Baharia mpaka akaingia mlangoni.

Nilimwekea chakula. Aliniambia juu ya pomboo. Aliniambia rangi ya maji katikati ya mlango, jinsi inavyogeuka ghafla kuwa ya wino. Alikula polepole. Hakuniuliza kwa nini nilinyamaza wiki nzima, na nilijua atauliza siku moja, na kwamba ana haki.

"Mlilala wapi?" nikasema.

Akaweka kijiko. Alisema Kalekye alilala kwa mama mmoja karibu na posta, pamoja na binti zake. Yeye alilala ndani ya boti, kulinda injini ya binamu. Mbu walimla. Alikunja shati akanionyesha mikono.

Mikono ilikuwa na alama za mbu. Pemba ina mbu ndani ya nyumba pia.

Hiyo ni habari yenye chanzo kimoja, na chanzo chenyewe kina maslahi. Gazetini ningeirudisha. Ningempigia mama wa Wete, ningemwendea Kalekye Gatina, ningeuliza kila mmoja peke yake kisha nilinganishe. Namba ya posta ya Wete ninayo.

Nimemwongezea ugali. Akala. Sikupiga simu, na kesho Jumamosi ninakwenda Gatina kumpongeza Kalekye, na sitauliza.